Christine Hakuitwa Kizimbani

Wengi wanaoijua hadithi ya mzuka wa jumba la opera la Paris hawajaisoma, wameitazama tu. Kuna filamu bubu ya mwaka 1925, ambamo Lon Chaney alijitengenezea mwenyewe uso wa fuvu. Kuna pia tamthilia ya muziki iliyozinduliwa London mwaka 1986, ikahamia Broadway mwaka 1988 na kuchezwa huko mara 13,981 kabla ya pazia kushushwa Aprili 2023. Aliyezitazama hizo huondoka na kitu kimoja moyoni: masikini yule mwanamume, alipenda asipendwe. Laiti angejaliwa sura.

Huruma hiyo naiwekea pingamizi. Kumhurumia mtu aliyezaliwa na uso wa kutisha si kosa. Lakini ukiirudia riwaya yenyewe na kuuliza swali dogo tu, nani kasema haya na aliyaona wapi, unakuta ushahidi mkubwa wa mapenzi hayo umetoka kinywani mwa mshitakiwa. Mwanamke aliyependwa, ambaye kila kitu kinamzunguka yeye, karibu hapewi nafasi ya kuzungumza.

Gaston Leroux, mtunzi wa riwaya hiyo, aliyeishi kati ya 1868 na 1927, asingelishangaa swali hilo. Alisomea sheria, akawa mwandishi wa habari za mahakamani, kisha gazeti la Le Matin likamtuma nchi za nje. Mapinduzi ya Urusi ya 1905 aliyaripoti yeye. Le Fantôme de l'Opéra ilianza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la Le Gaulois Septemba 1909, ikaishia Januari 1910, na mwaka huohuo ikawa kitabu. Ukurasa wa kwanza tu unamjua mtu wa magazeti. Msimulizi anaapa kwamba mzuka alikuwepo kweli, kwamba yeye amepekua nyaraka, amewahoji wazee waliosalia, amelinganisha mwandiko wa barua. Anakukabidhi jalada la kesi, kisha anakuacha uhukumu.

Na jalada lenyewe limeshonwa na ukweli. Jumba lililosanifiwa na Charles Garnier lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1875. Walipochimba msingi wake walikuta maji ya ardhini yasiyokubali kukauka, ikabidi lijengwe tangi kubwa la kuyadhibiti. Tangi hilo lipo hadi leo, na wazimamoto wa Paris hufanyia mazoezi humo. Hilo ndilo ziwa la kwenye riwaya. Tarehe 20 Mei 1896, chuma kizito kilichokuwa kikisawazisha thurea, ile taa kubwa ya vioo ya ukumbini, kiliwaangukia watazamaji na kumuua mwanamke mmoja. Kwenye riwaya inaanguka thurea nzima. Tarehe 24 Desemba 1907, santuri zenye sauti za waimbaji mashuhuri wa wakati huo zilifungiwa chini ya jumba hilo, zisiguswe kwa miaka 100. Leroux anasema vibarua waliokuwa wakichimba mahali pa kuzihifadhi ndio waliokutana na mifupa ya mtu. Sijui mtunzi mwingine wa hadithi za kutisha aliyetumia vipande vya habari za gazetini kwa ujanja kiasi hiki. Wenzake wa fani hiyo walihitaji ngome milimani na mbalamwezi. Yeye alishuka ngazi za jengo ambalo wasomaji wake walikuwa wameingia Jumamosi iliyopita.

Basi tulifungue jalada.

Christine Daaé ni binti wa mpiga fidla wa Uswidi. Mama alikufa mapema, baba akamlea kwa muziki na ngano, na ngano aliyoipenda kuliko zote ilihusu Malaika wa Muziki, ambaye humjia msanii mara moja maishani. Akiwa mgonjwa wa kufa, baba alimwahidi binti: nikifika mbinguni nitakutumia huyo malaika. Alipokufa, binti akanyauka. Aliingia opera kama mtu anayetimiza wajibu tu, sauti ikiwepo na moyo haumo. Kisha siku moja, ndani ya chumba chake cha kubadilishia nguo, akasikia sauti ya mwanamume nyuma ya ukuta, tamu isiyo na mfano. Akaiuliza kama ndiyo ile aliyoahidiwa na baba. Sauti ikasema ndiyo.

Mwenye sauti hiyo alikuwa Erik, ndiye mzuka mwenyewe, na hapa ndipo ninapowaomba wanaomlilia wasimame kidogo. Uso bado haujaonekana. Hakuna aliyemkataa mtu yeyote. Yupo mwanamume mwenye kipaji cha ajabu, mwashi, msanifu, mwanamuziki, mwenye uwezo wa kurusha sauti yake itokee popote anapotaka, na yupo msichana yatima. Kitu cha kwanza anachomfanyia ni kuvaa ahadi ya marehemu baba yake. Anamfundisha, tena anamfundisha vizuri mno. Usiku ule wa tamasha anapoimba badala ya Carlotta, mwimbaji nyota wa jumba, Paris nzima inapigwa na butwaa. Lakini ada ya masomo hayo inapandishwa taratibu. Kijana wa kikabaila, Raoul de Chagny, aliyewahi kucheza naye utotoni na hata kuiingilia bahari kuokoa skafu yake iliyopeperushwa na upepo, anapotokea tena, malaika ananuna. Kama moyo wako utampa mtu wa duniani, anasema, mimi narudi mbinguni. Yaani baba yako atakufa mara ya pili, na safari hii utakuwa umemuua wewe.

Mtu wa kwetu angesema huyo hakutongoza, alitega. Na mtego huo ulitegwa kabla ya kuvuliwa barakoa anayofichia uso wake, kwa hiyo hoja ya kwamba yote yalianzia kwenye sura haisimami. Sura inaeleza kwa nini Erik alijificha. Kwa nini alidanganya kwa jina la maiti, hiyo ni habari nyingine.

Tabia hiyo si ya mapenzi pekee. Tazama anavyoishi na mameneja wa jumba. Anawaandikia barua kwa wino mwekundu: faranga 20,000 kila mwezi, na chumba cha watazamaji namba 5 kiachwe wazi kwa ajili yake kila onyesho. Lugha ni ya adabu, karibu ya kuchekesha, na chini yake kuna kitisho. Wanapopuuza, Carlotta anatoa mlio wa chura katikati ya wimbo na thurea inashuka juu ya vichwa vya watu. Erik hajui kuomba. Anajua mkataba wenye adhabu, basi. Pete ya dhahabu anayompa Christine ni mkataba wa aina hiyohiyo: ukiwa umeivaa u salama, ukiipoteza, ole wako na ole wake yule kijana.

Christine anapewa nafasi moja ya kusema, na Leroux ameiandaa vizuri. Wanapanda yeye na Raoul hadi juu ya paa la jumba, chini ya sanamu ya Apollo, mungu wa muziki wa Wagiriki, na kinubi chake, mbali kabisa na mashimo ya chini. Huko anasimulia yote: jinsi alivyovutwa kupitia kioo, jinsi alivyoamka ndani ya nyumba iliyo ng'ambo ya ziwa, na jinsi alivyoivua barakoa walipokuwa wakiimba opera ya Otello. Anasimulia pia kiwewe cha Erik, namna alivyoishika mikono yake na kujikwaruza kwa kucha zake yeye mwenyewe msichana, ili aone kama huo nao ni uso wa kuvaa. Anakiri jambo ambalo tamthilia za jukwaani hulifanya jepesi na riwaya inaliacha na uzito wake: hamchukii. Anamwogopa mpaka mifupani, lakini mtu aliyelala miguuni pako akilia, akijilaani, akikiri ulaghai wake, utamchukiaje? Raoul anamuuliza, kwa wivu wa kijana wa miaka ishirini na kitu: na kama Erik angekuwa mzuri, ungenipenda mimi? Anamjibu kwamba asiyajaribu majaaliwa, asiyaulize mambo anayoyaficha ndani ya dhamira yake kama watu wanavyoficha dhambi.

Jibu hilo ndilo ukurasa mkubwa kuliko yote wa kitabu hiki. Linamtoa Christine kwenye sanamu ya msichana safi asiye na tamaa, linampa siri. Alipenda kitu: sauti, mafunzo, zile saa ambazo alijiona anaimba kama hajawahi kuimba. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuwa na mwalimu wa kweli anaelewa. Tatizo ni kwamba mwenye sauti alitaka penzi la sauti lihamishiwe kwake lote kama deni, na deni likikawia, aje kukamata mali.

Na hata paani hakuwa peke yake na msiri wake. Erik alikuwepo, amejificha kwenye kivuli cha sanamu, akisikiliza. Ushahidi pekee wa Christine ulitolewa mbele ya mtu aliyekuwa akimkimbia, bila yeye kujua. Kesho yake usiku akatekwa tena, safari hii jukwaani, katikati ya onyesho la opera ya Faust.

Niseme neno juu ya Raoul, maana wasomaji humsamehe haraka kwa kuwa ana uso mzuri na jina la ukoo. Huyu naye husikiliza milangoni. Usiku wa tamasha alisimama nje ya chumba cha Christine akasikia sauti ya mwanamume ikisema, “Christine, lazima unipende!” Badala ya kuondoka au kubisha hodi, alingoja atoke, akaingia kwenye chumba kitupu kumsaka mwanamume. Baadaye anamfuata Perros, kijiji cha pwani alikozikwa baba yake Christine, anajificha, anahoji, analia, anashutumu. Kuna mahali Christine anamkatisha kwa maneno makavu: mambo yangu nayaamua mwenyewe, mwenye haki ya kunidai hesabu ni mume, na mimi mume sina wala sitaraji kuolewa. Katika riwaya ya mwaka 1910 sentensi hiyo inapaswa kuwatikisa wanaume wote wawili. Raoul anachokiona ni pete kidoleni mwake. Leroux hajali sana tofauti ya hawa wawili kama tunavyojali sisi; wote wanaamini kwamba kupenda sana kunazaa haki. Tofauti ni kwamba Raoul, pamoja na makelele yake, hana baruti.

Erik anayo. Kilele cha riwaya kinatokea ndani ya nyumba ya ziwani, Raoul na yule Mwajemi wa ajabu, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi huko Uajemi na anayemjua Erik tangu zamani, wakiwa wamenaswa kwenye chumba cha vioo cha mateso, ukuta mmoja tu ukiwatenga na Christine. Wanamsikia Erik akimwambia kwamba amechoka kuishi kama fuko ardhini. Anataka mke kama watu wengine, amtoe matembezi siku za Jumapili. Ni maneno ya kuchoma moyo, na mimi nikiyasoma yananichoma. Anataka kitu kidogo mno! Lakini anayasema kwa mtu aliyemfungia, na ambaye amempa uchaguzi kati ya misa ya harusi na misa ya maiti. Baadaye anamwonyesha visanduku viwili, kimoja kina nge wa shaba, kingine panzi wa shaba. Ukimgeuza nge, umekubali ndoa. Ukimgeuza panzi, baruti iliyopangwa chini ya jumba italipuka na ukumbi uliojaa watu utaruka hewani. Christine anamgeuza nge.

Sisi husema mapenzi hayalazimishwi, na hulisema hilo kama nasaha ya upole kwa anayeteseka. Hapa limegeuzwa kuwa mashine yenye vishikio viwili, na vyote viwili vimetengenezwa na mwanamume mmoja. Kwenye visanduku vile hakuna mnyama wa tatu anayesema: sitaki, na hakuna atakayekufa.

Kinachofuata ndicho kinachoifanya dunia imlilie Erik. Inasemekana Christine, baada ya kula kiapo cha kuwa mke wake aliye hai, alimngoja asimame mbele yake. Erik akambusu kipaji cha uso, na Christine hakurudi nyuma, hakufa. Erik akaanguka miguuni pake akalia, na Christine naye akalia, machozi yao yakachanganyika. Akamshika mkono akamwita Erik masikini, asiye na bahati. Mama yake mzazi hakuwahi kukubali kubusiwa na mwanawe. Zawadi aliyompa ilikuwa barakoa. Hivyo mtu huyu, kwa mara ya kwanza, amepokewa, na papo hapo anamwachia msichana aende na kijana wake, akimwachia pete airudishe siku ya kuja kumzika.

Nimeandika inasemekana kwa makusudi. Nani amesema? Mwajemi hakuona, alikuwa hoi baada ya kunusurika kuzama. Alipozinduka alimkuta Christine akimletea kikombe cha tisane, chai ya mitishamba, bila kutamka neno, akitembea kimyakimya kama mtawa aliyeweka nadhiri ya kutosema. Hakumwambia lolote. Raoul alikuwa hajitambui. Habari yote ya machozi na busu ilisimuliwa na Erik mwenyewe, siku kadhaa baadaye, alipokwenda nyumbani kwa Mwajemi mtaa wa Rivoli, akihema, akisema anakufa kwa mapenzi. Mwajemi akamsimulia msimulizi miaka mingi baadaye. Msimulizi akatusimulia sisi. Leroux aliyekaa miaka kwenye mabenchi ya mahakama alijua wakili wa kawaida angefanya nini na ushahidi wa kuambiwa wa namna hiyo. Mtekaji nyara anaeleza kwamba mateka wake, mwishoni, alimlilia kwa upendo. Hakuna aliyeona, na mateka hajaulizwa.

Inawezekana ilitokea hivyohivyo. Naamini hata ilitokea, kwa sababu Christine wa paani alikuwa na huruma ya kutosha. Ila huruma ya mtu aliyekaa usiku kucha juu ya baruti si kitu unachoweza kukipima kwa mizani ya kawaida. Msichana aliyekwisha kukigonga kichwa chake ukutani akitaka kufa anaweza kulia na mtekaji wake kwa sababu kumi, na penzi likiwa mojawapo, litakuwa la kumi.

Kuna vielelezo. Erik alimtumia Mwajemi karatasi ambazo Christine alimwandikia Raoul akidhani atakufa, pamoja na jozi ya glavu, bizimu ya kiatu na leso mbili. Msimulizi anatuambia amezikagua barua za Christine, amelinganisha mwandiko, ni zake kabisa. Hatusomei. Mwandiko umethibitishwa, maneno yamebaki kwenye bahasha. Na pete je? Mifupa ilipofukuliwa ilikuwa na pete ya dhahabu, na msimulizi anasema kwamba bila shaka Christine alikuja kumvisha kidoleni kabla ya kumzika, kama alivyoahidi. Bila shaka! Neno hilo likitoka kwa shahidi, hakimu aliye macho hunyanyua kalamu.

Sidai kwamba Leroux alikusudia yote haya. Alikuwa mtu wa mfululizo wa gazetini, anahitaji siku iishe na msomaji anatweta. Kuusikia mkasa kupitia ukuta kunatisha zaidi ya kuuona, na maungamo ya mtu anayekufa yanauza. Mara nyingi umahiri wake ni wa fundi mwenye haraka, na kuna sura za mameneja na bahasha zao za pesa ambazo ningezikata nusu. Lakini fundi mwenye haraka hutumia zana alizozizoea, na zana zake zilikuwa za mahakamani. Kwa hiyo pengo limebaki mahali pake, wazi, kwa yeyote anayejua kusoma jalada.

Mwishoni msimulizi anatuuliza kama tumhurumie Erik au tumlaani, kisha anajibu nusu: alitaka tu kuwa mtu kama watu wengine, lakini alikuwa mbaya mno wa sura; moyo wake ungeweza kubeba milki ya dunia nzima, akaishia kuridhika na pango. Yamepangwa vizuri maneno hayo. Hata hivyo hebu liangalie swali: kuhurumia au kulaani, na kote kuwili anayezungumziwa ni Erik. Ni nge na panzi tena, safari hii vimewekwa mbele ya msomaji.

Christine na Raoul, tunaambiwa, walipanda treni kuelekea kaskazini na hawakuonekana tena. Mambo haya, kwa hesabu ya msimulizi mwenyewe, hayajapita miaka 30. Amewatafuta mameneja wa zamani, amemhoji Mwajemi kitandani pake, amekesha kwenye maktaba ya jumba, amekagua hadi mifupa. Kuhusu Christine anasema labda siku moja naye atapanda treni hiyo, aende kuulizia kwenye maziwa ya Skandinavia kama bado yuko hai. Nauli ya kwenda huko haikuwa kitu kwa gazeti la Paris lililokuwa likituma watu hadi Urusi.